Kidole Kimoja Juu ya Usukani

Gari-nyumba la buluu lilikuwa limetoweka. Pale lilipoegeshwa palibaki majani yaliyolala na tone la mafuta.

Inspekta Mairead MacSween alichutama, akagusa mafuta kwa kidole, akanusa. Nyuma yake ufuo wa Luskentyre ulikuwa mweupe hadi miguuni pa milima, na jua la Jumamosi jioni lilikuwa bado halina haraka ya kuzama. Mume na mke walisimama kando wamejifunga mataulo mabichi. Walikuwa wametoka kuogelea, wakakuta hawana pa kurudi.

"Si gari tu, Inspekta," alisema mume, Gregor Rennie, meno yakigongana kwa baridi. "Tuliuza nyumba yetu Paisley tukalinunua. Tukilikosa, hatuna kwetu."

"Ufunguo?"

"Huu hapa."

"Ulifunga mlango?"

"Nilifunga. Tena ule mlango haufunguki kwa kila mtu, una kiburi. Lazima uunyanyue kwanza kwa nyonga, ndipo uuvute. Tulihangaika nao mwezi mzima."

"Na dawa zangu za moyo zimo ndani," mkewe Ailsa akasema taratibu, kana kwamba anaomba radhi.

Hapakuwa na kioo kilichovunjwa wala alama ya bisibisi. Sajini Pollock, kijana wa Glasgow aliyehamishiwa kisiwani majira ya baridi, alikwisha maliza kesi kichwani mwake.

"Wezi wa bara hawa, bosi. Kesho kuna kivuko cha Jumapili kutoka Stornoway. Watavuka nalo."

"Wapigie simu bandarini," Mairead alimwambia. Lakini mawazo yake yalibaki mlangoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwizi huyu alionekana kuwajua kunguni wote kwa majina.

Asubuhi yake, kengele ya kanisa ikilia, aliingia kituoni Dolina Morrison, mama wa pwani ya mashariki, amevaa kofia yake ya ibada na glavu. Alibeba sufuria kama mtu aliyebeba mtoto.

"Sipendi kuja polisi siku ya Bwana, Mairead," alisema. "Lakini humu mna dawa za mtu. Hiyo ni rehema, na rehema inaruhusiwa."

Dawa zilikuwa za Ailsa. Pollock alizikimbiza mwenyewe hotelini walikolala wenzi wale, kisha yeye na Mairead wakamfuata Dolina hadi penye mizigo alikoiokota sufuria ile.

Ilikuwa kando ya barabara ya mashariki, ile nyembamba ya gari moja inayojipinda kati ya miamba, kwenye kijisehemu cha kupishania. Meza ya gari-nyumba, kiti, masanduku ya nguo na vyombo, vyote vimepangwa vizuri chini ya turubai. Juu ya turubai palitandazwa wavu wa zamani wa samaki, na pembeni pake yakaning'inizwa mawe kwa kamba, vilevile mababu walivyofunga mapaa ya nyasi yasichukuliwe na upepo.

"Ametoa vitu apate nafasi ya kubebea pombe za magendo," alisema Pollock.

"Ang'oe meza nzima kwa ajili ya chupa? Akili ni nywele, Pollock, na wewe unanyoa kila asubuhi."

Dolina alicheka, kisha akakumbuka ni Jumapili, akaacha. "Hilo gari nilipishana nalo jana jioni," akasema. "Uso sikuuona, jua lilikuwa kwenye kioo. Lakini alinipisha. Alirudi rivasi hadi nyuma ya kona, hakusita hata mara moja. Halafu akaniamkia."

"Kwa mkono?"

"Mkono ni wa watalii. Kwa kidole." Dolina akashika usukani wa hewani, akanyanyua kidole cha shahada, akakishusha.

Mairead aliutazama mkono wa Dolina. Kidole kile alifundishwa na baba yake kabla hajajua kuendesha hata baiskeli. Awe mtu ana hasira, awe ametoka kuzika, akipishana na mwenzake kwenye barabara ile atanyanyua kidole. Mtu wa hapa anaweza kuiba gari. Kumpita jirani bila kumwamkia hawezi.

Alikwenda hotelini, akamkuta Ailsa amepata rangi usoni.

"Bi Rennie, kabla ya buluu gari lilikuwa rangi gani?"

"Njano ya haradali. Tulikwangua wiki nzima. Tulilinunua kwenye yadi huko Inverness, na hatukuambiwa limetoka kwa nani."

Mairead aliketi bila kukaribishwa. Njano ya haradali! Alijiona mtoto, amebanwa kiti cha nyuma cha gari la rangi hiyo pamoja na watoto wa nusu ya kijiji, wanapelekwa ghuba ya Mol Bàn. Mzee Murchadh alikuwa kwenye usukani, na mkewe, Bi Peigi, alikuwa akiimba zaburi kwa sauti iliyokwenda inakotaka. Walijaliwa binti mmoja tu, hivyo waliwaazima watoto wa wenzao. Chapati za maji zilipikwa kwenye jiko dogo la gesi, siagi ikaingia mchanga, na tangu hapo Mairead hajala kitu kitamu kama kile. Alitamani awe amekosea.

Pollock aliingia amekunja uso. "Kivuko kimeondoka, bosi. Gari halikuwamo. Basi watavuka nalo kesho."

"Huyu hakimbii, Pollock. Amesimama palepale Jumapili ilipomkuta."

"Mwizi gani haendeshi gari Jumapili?"

"Mwizi wa hapa. Wazee wetu hawashiki usukani siku ya Bwana."

Walikwenda wanne katika gari la polisi, wao wawili na wenzi wale, Gregor akisaga meno kiti cha nyuma. Nyumbani kwa Mzee Murchadh palikuwa pamefungwa, bomba la moshi kimya. Mairead hakugonga mara ya pili. Alishika njia ya Mol Bàn.

Gari la buluu lilikuwa limeelekea bahari, mlango wazi. Mzee aliketi kwenye kidato cha mlango, amevaa suti yake nyeusi ya kanisani. Ndani, mahali palipokuwa na meza, palikuwa na kiti cha magurudumu, na Bi Peigi juu yake, blanketi magotini, anatazama maji.

"Nilijua watakutuma wewe, Mairead wa Aonghas," alisema mzee.

"Mzee Murchadh, gari hili ni la nani?"

"La hawa."

"Nani alilichukua?"

"Mimi."

"Kwa ufunguo upi?"

"Ule wa akiba. Niliubana chini ya bampa siku tuliyolinunua, ukabaki palepale." Akamgeukia Gregor. "Ungechungulia hata siku moja, bwana."

"Unanitania?" Gregor alifoka. "Umetulaza nje ya nyumba yetu, unanitania?"

"Kwa nini, Mzee?" Mairead aliuliza upesi.

Mzee alitazama mikono yake. "Binti yetu alikuja kuliuza Peigi alipoingia nyumba ya wazee. Kesho anakuja kumchukua yeye, ampeleke Inverness awe karibu naye. Akivuka harudi. Nilimwahidi nitamzungusha kisiwa mara ya mwisho, na kila wikendi anaporuhusiwa kuja nyumbani ananiletea uso uleule, tunakaa tunatazama ukuta. Jana nikasikia injini kabla sijaliona gari. Rangi unaweza kubadilisha, injini itakohoa vilevile. Peigi akageuza shingo, Mairead! Jina langu halijui tangu Krismasi, lakini kile kikohozi alikijua. Nikasema liwalo na liwe. Nikapanda basi, nikalifuata, nikarudi nalo kumchukua yeye."

"Na mizigo?"

"Nilihitaji nafasi ya kiti chake. Ningeipitia jioni ileile nikirudisha gari. Lakini alianza kuimba. Nani angemkatiza? Tukazunguka, tukapitiliza, siku ya Bwana ikatuingilia hapahapa. Nikashika ufunguo hivyohivyo. Yeye akanishika mkono: 'Wewe baba, leo Jumapili. Hatwendi popote.'" Mzee akacheka, na machozi yakamtoka. "Mimi amenisahau. Jumapili hakuisahau."

"Mke wangu ana moyo mgonjwa," Gregor alisema, sasa kwa sauti ndogo.

"Dawa niliziona nikaziweka kwenye sufuria zisilowe. Nilipaswa kuzirudisha kwanza. Kwa hilo nihukumu, sina neno."

Mairead alipiga hatua moja mbele. "Mzee, sheria inanitaka nikuchukue."

"Nichukue. Ila kesho. Siendeshwi Jumapili."

Pollock alijikuna upara. Ndipo sauti ikatoka ndani ya gari, kavu, yenye amri.

"Mtoto wa Aonghas! Umekung'uta mchanga kabla ya kuingia?"

Inspekta wa polisi, mwenye sare na pingu kiunoni, aliinama akavua viatu akavigonganisha. Hakuona haya hata kidogo. Ailsa naye akavua vyake, akaingia, akaketi sakafuni miguuni pa Bi Peigi. Gregor alisimama muda mrefu akiitazama nyumba yake.

"Inspekta," alisema mwishowe, "gari hili tulimwazima. Ila tulichelewa kumwambia."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na kesho mzee mwenyewe atampeleka mkewe kwa binti yao kivukoni. Mimi klachi ile hainipendi."

Jumatatu asubuhi Mairead alikutana nao kwenye barabara ya mashariki. Alirudi rivasi hadi kwenye kijisehemu cha kupishania, akawangoja. Gari la buluu likaja likikohoa. Mzee Murchadh alinyanyua kidole chake. Gregor, dirisha la nyuma, alipunga mkono mzima kama mtalii. Bi Peigi alikaa mbele kando ya mumewe, macho njiani, uso hauna habari.

Walipokuwa sambamba, juu ya blanketi lake kikanyanyuka kidole kimoja.

Mairead alinyanyua chake. Hakukishusha hadi gari lilipopotea nyuma ya miamba.