Namba Nane Ubaoni

Kocha alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza na kabati, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya boksi alilokuwa akifungashia vitu vyake. Ndani ya boksi mlikuwa na viatu vya mvua, filimbi, na picha ya mkewe na binti zao wawili. Kisogoni palikuwa na jeraha. Pigo moja tu, zito.

Inspekta alisimama mlangoni, akafumba macho kidogo na kumwombea marehemu kimyakimya. Hakuwahi kugusa kitu chochote kabla ya kufanya hivyo. Kisha akavaa glavu.

"Jana jioni wamemfukuza kazi," Koplo alisema. "Leo wamemuua. Afande, hawa watu hawana hata subira."

"Timu ilikuwa inafungwa?"

"Inafungwa wapi? Ni ya pili kwenye ligi. Mimi mwenyewe jana chakula hakikupita."

"Kumbe ni shabiki."

"Wa damu." Koplo akaangalia sakafu, akajirekebisha. "Wa siku nyingi, afande."

Mtaalamu wa vielelezo alikuwa amepiga magoti kando ya kabati. Alionyesha chuma cha mazoezi, kile cha kunyanyulia kwa mkono mmoja.

"Silaha ndiyo hii. Imefutwa kwa taulo. Kitasa cha mlango nacho kimefutwa. Muuaji alikuwa makini."

Mfanyausafi ndiye aliyeukuta mwili, muda mfupi baada ya mazoezi ya asubuhi kumalizika. Na alikuwa na la kusema.

"Wakati wa mapumziko Nahodha aliingia humu," alisema huku akipangusa macho kwa kitambaa cha kazi. "Alifoka, mama. Akasema, 'Hutaniona mjinga tena.' Halafu akaupiga mlango teke, akarudi uwanjani. Mimi nikajipitia zangu. Ugomvi wa wenye mpira nauingiliaje?"

Hilo lilitosha kwa mkuu wa kituo. Kabla Inspekta hajamaliza kukikagua chumba, Nahodha alikuwa ameshafungwa pingu na kuwekwa mahabusu. Mkuu akapiga simu.

"Mfungulie mashtaka ya mauaji leo. Mashabiki wamejaa getini wanataka jina."

"Nitakupa jina, mkuu. Niache kwanza nilitafute."

"Una mpaka jioni. Asubuhi anakwenda mahakamani, utake usitake."

* * *

Mwenyekiti wa klabu alimpokea Inspekta katika ofisi iliyojaa picha. Zote zilikuwa zake.

"Kwa nini ulimfukuza?"

"Matokeo."

"Timu ni ya pili."

"Ndiyo hayo. Matokeo ya pili."

"Msimu uliopita ilikuwa ya ngapi?"

Mwenyekiti akasogeza kalamu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. "Ya tisa."

Inspekta akanyamaza. Alikuwa amejifunza kwamba watu wakubwa hawavumilii kimya.

"Sikiliza, Inspekta. Uwanja huu nimeujenga mimi. Basi la wachezaji nimeleta mimi. Jumamosi nimekaa jukwaani, uwanja mzima unaimba jina la nani? La mtu niliyemwajiri. Hata mwanangu wa kumzaa anaimba. Halafu naambiwa mwenyewe anatamba kwamba timu hii itashinda hata mwenyekiti akiwa kiti kitupu."

"Ulimsikia akisema hayo?"

"Niliambiwa na mtu wa ndani."

"Nani?"

"Msaidizi wake. Tena kwa uchungu, maana ni shemeji yake. Jana nilimwita Kocha hapa, nikachukua simu ya klabu na funguo za gari, tukamalizana. Hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu." Mwenyekiti akashusha sauti. "Timu nimpe Msaidizi. Alinisihi kama anaomba kazi yake mwenyewe. Ndiyo nikampa."

* * *

Msaidizi alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi peke yake kwenye benchi. Alikuwa amevaa koti jipya la makocha, mikunjo ya kiwandani bado ikionekana mabegani.

"Pole na msiba," Inspekta alisema.

"Nimeshapoa. Marehemu ni mume wa dada yangu."

"Nani aliwakutanisha?"

"Mimi. Na klabuni nilimleta mimi. Siku anafika hapa hajui hata choo kiko upande gani."

"Halafu akawa mkuu wako."

"Ndivyo walivyoamua wenyewe."

"Hukuumia?"

"Mimi ni mtu wa timu, dada."

"Leo uliingia ofisini kwake?"

"Sijakanyaga pale tangu jana. Ningeingiaje? Angeona nimekwenda kujipimia kiti chake."

Alijibu vizuri. Inspekta aliona alijibu vizuri kupita kiasi, kama mtu aliyeyafanyia majibu mazoezi.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja mahabusu. Nahodha alikuwa amejikunyata pembeni, soksi za mazoezi bado zimemfika magotini. Alikuwa jitu la miraba minne, na alikuwa analia.

"Ulimpiga?"

"Mama, yule mtu aliniinua kutoka timu ya watoto. Nimpige?"

"Ulimfokea."

"Niliambiwa kabla ya kufukuzwa alitaka kuniuza, nafasi yangu ampe kijana mwingine. Nikamwambia hutaniona mjinga tena. Akaniangalia tu, akaniuliza, 'Umeambiwa na nani?' Nikatoka na hasira zangu."

"Uliambiwa na nani?"

"Na Msaidizi."

"Baada ya hapo?"

"Nikarudi uwanjani. Mwishoni mwa mazoezi namba sita akateguka kifundo cha mguu. Nikambeba mgongoni mpaka kwa daktari, nikakaa naye namshika mkono. Mnakuja kunikamata, mmenikuta palepale." Akainua macho. "Mke wangu ameshasikia kwamba mimi ni muuaji?"

"Atasikia mengine," Inspekta alisema, ingawa hakuwa bado na kitu cha kumpa. Daktari wa timu, alipoulizwa, alithibitisha kila neno. Lakini Kocha angeweza kuwa ameuawa wakati wa mapumziko, na hapo maneno ya daktari yasingemsaidia Nahodha hata kidogo.

* * *

Inspekta na Koplo wakarudi ofisini kwa marehemu. Mwili ulikuwa umeshaondolewa. Inspekta aliketi kwenye kiti cha wageni na kukitazama chumba upya. Dirisha lilitazama maegesho ya magari. Ukutani palikuwa na ubao wa chuma uliochorwa uwanja wa mpira, na juu yake sumaku za duara zenye namba za wachezaji.

"Koplo, nisomee huu ubao. Mimi kwangu ni kama sahani za mtu aliyeishiwa na nafasi ya kuzianika."

Koplo akafurahi, akasogea. Furaha ikakatika njiani.

"Hii si timu ya Kocha, afande. Hapa kuna mabeki wanne. Kocha alikuwa anacheza na watatu, hata ukimwamsha usingizini atakwambia watatu." Akainama zaidi. "Na namba sita hayumo. Amewekwa huku chini, kwa majeruhi."

"Sita si ndiye aliyeteguka leo?"

"Ndiye."

"Kocha angejuaje? Uwanja hauonekani kutoka humu. Simu yake ya kazi amenyang'anywa."

"Nyingine ilikuwa kwa mkewe. Ameshasema aliiacha nyumbani makusudi, hakutaka kupigiwa na waandishi."

Inspekta akasimama. "Basi huu ubao umepangwa na mtu aliyetoka uwanjani baada ya sita kuumia. Na Kocha alikuwa hai, la sivyo mpangaji angepiga kelele kwamba kuna maiti."

"Na wakati huo Nahodha alikuwa kwa daktari," Koplo alisema taratibu.

"Mwite mtaalamu. Hizo sumaku zote zitoke, moja baada ya nyingine."

Namba tisa ilikuwa safi. Namba kumi ilikuwa safi. Mtaalamu akaibandua namba nane na kuimulika.

"Alama ya kidole gumba," alisema. "Kwenye damu. Imeshikwa baada ya pigo, si kabla."

Koplo alikuna kichwa. "Yaani mtu ameua, halafu anasimama kusogeza namba nane? Amefuta chuma, amefuta kitasa, sumaku ameiacha?"

"Chuma na kitasa alivifuta kwa akili. Hii aliishika kwa mazoea, hakujua hata kama ameishika. Ni nani anaweza kusogeza mchezaji ubaoni, maiti iko miguuni pake?"

Koplo hakuhitaji kufikiri. "Kocha mwingine," alisema.

* * *

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Msaidizi alipoketishwa katika chumba cha mahojiano. Inspekta alimsomea haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kuita wakili. Hakutaka wakili.

"Alama zangu ziko kwenye kila sumaku," alisema. "Ndiyo kazi yangu."

"Hii iko ndani ya damu ya shemeji yako."

"Ipi?"

"Namba nane."

Msaidizi alijitazama kidole gumba. Alikitazama muda mrefu, kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine.

"Nilikwenda kupanga timu ya Jumamosi," alisema mwishowe. "Nilidhani ameshaondoka. Nikamkuta bado anafungasha. Nikasema haidhuru, acha aone. Miaka yote nimeshika koni za mazoezi na vibao vya kuelekezea. Nikampangia mabeki wanne mbele ya macho yake. Sita nikamtoa. Nikafurahi, sikudanganyi."

"Yeye?"

"Akasema, 'Vizuri.' Halafu akanyoosha mkono, akaivuta namba nane nyuma kidogo. Hivi." Kidole chake kikateleza juu ya meza. "'Hapa utashinda,' akasema."

"Alikosea?"

"Angekosea ningemkumbatia. Alikuwa sahihi. Kwa sekunde moja, huku anafikiria viatu vyake. Mimi niliipanga usiku kucha."

"Endelea."

"Halafu akaniwekea mkono begani. Akasema nisijali, alinisemea kwa Mwenyekiti nipewe timu. Unanielewa, dada? Nimemchongea kwa Mwenyekiti. Nimewagombanisha wachezaji naye, mmoja mmoja. Nikajua safari hii nimepata kitu kwa mkono wangu. Kumbe hata hicho amenipa yeye. Nyumbani wapwa zangu wananiita Mjomba Msaidizi. Watoto wadogo. Hawajui kama mimi nina jina."

"Ukachukua chuma."

"Kilikuwa juu ya kabati. Alipoinama kwenye boksi. Sikumbuki kuirudisha namba nane. Lakini nilirudisha. Hiyo ilikuwa timu yangu."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta akamsogezea Msaidizi karatasi, naye akaisoma, akatia sahihi.

"Dada yako yuko nje kwenye benchi," Inspekta alisema. "Amejua. Anaomba akuone dakika moja, akuulize kwa kinywa chake."

Msaidizi aliuangalia mlango. Midomo ikamcheza, na Inspekta akajikuta anamwombea ndani ya moyo aulize jambo moja tu: hali ya dada yake, au ya wale watoto.

"Jumamosi timu anaishika nani?"

Inspekta alikusanya karatasi zake. "Nahodha. Ametoka mahabusu sasa hivi, Mwenyekiti amemfuata mwenyewe."

"Yule?" Msaidizi akainuka nusu, pingu zikamrudisha kitini. "Yule ndiye kocha mkuu? Anajua nini yule?"