Onyo Chini ya Karatasi ya Kaki

Ndugu zangu wa Makambako, na ninyi wa Njombe mnaoshukia hapa kubadili basi, nipeni masikio yenu kidogo. Nyumba ninayoisimulia nimepakana nayo ukuta kwa ukuta, na sehemu ya aibu yake ni yangu.

Jumapili moja jioni jua lilikuwa limejitokeza tena baada ya mvua. Jirani yangu Hassani, dereva wa lori la viazi, aliketi barazani na mkasi, gundi na karatasi za kaki. Alikuwa amemnunulia binti yake Safina, mwenye miaka kumi na miwili, majarida sita ya Kiingereza kwenye marundo ya mitumba sokoni. Aliyafunika moja moja, kama tunavyofunika madaftari ya shule yasichakae, na pembe zake zikakaa sawa kabisa. Hassani hajui Kiingereza zaidi ya cha vibao vya barabarani, lakini kitu cha kusomwa anakiheshimu.

"Soma, mama," alimwambia. "Kiingereza kitakufikisha mbali."

"Ahsante, baba. Safari hii utakaa nyumbani mpaka lini?"

"Kesho asubuhi naondoka."

Mkewe Rehana alikuwa Ikonda mwezi wa pili sasa, akimuuguza mama yake hospitalini. Kwa hiyo Hassani akisafiri, Safina alibaki peke yake siku nne, tano, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kumwangalia. Nilimwangalia kwa kumpelekea sahani ya ugali mlangoni na kurudi haraka kwenye cherehani yangu. Mtoto alikuwa mtulivu, hana makuu, na sisi wakubwa tunampenda sana mtoto asiyetusumbua.

Niwaeleze majarida yale yalikuwa ya nini. Yalihusu mchezo wa mezani. Watu watano hukaa pamoja. Mmoja anasimulia kisa, wengine wanne kila mmoja anajifanya mtu fulani ndani ya kisa hicho, na dadu ndizo zinazoamua litakalowapata. Ni mchezo mzuri, na matano kati ya majarida yale hayakuwa na neno baya. La sita lilikuwa na kisa cha nyumba ambamo watu wanateswa na kufa mmoja baada ya mwingine, na picha zake sitazieleza hapa. Wenye jarida hawakuficha kitu. Juu ya jalada walichapa namba 18, kubwa, nyekundu, kwamba aliye chini ya umri huo asilifungue. Namba hata Hassani anaisoma, lakini jarida alilinunua ndani ya furushi lililofungwa, na alipolifunika mawazo yake yote yalikuwa kwenye pembe za kaki.

Safina hakuwa na watu wa kukaa nao. Akapanga vikombe vinne mezani, cha baba, cha mama, cha bibi na chake, kisha akawa yeye pia msimulizi. Nilikuwa nikisikia sauti yake ikibadilikabadilika ng'ambo ya ukuta, nikadhani anakariri ngonjera za shule.

Siku moja dadu ikaanguka vibaya kwenye zamu ya kikombe cha baba. Jarida likasema mtu huyo atafia njiani. Mtu mzima angecheka, akaanza mchezo upya. Safina alikuwa na baba ambaye kweli yuko njiani.

Tangu siku hiyo sahani zangu zikawa zinarudi na chakula.

"Safina, unaumwa?" nilimuuliza.

"Hapana, Mama Tarsis. Nimeshiba tu."

Nilikuwa na sare kumi za kwaya za kumaliza, nikaondoka. Mungu anisamehe.

Hassani aliporudi alilala siku nzima kwa uchovu. Asubuhi yake, alipokuwa akifunga kamba za viatu, binti yake alimshika mkono.

"Baba, usiende safari hii."

"Viazi vitaoza, mwanangu. Kwani kuna nini?"

"Nina neno nataka kukuambia."

"Nikirudi utaniambia lote."

Akaenda Njombe kupakia. Safina alijua kwamba lori likishapakia litarudi kupita Makambako ndipo lishike barabara ya Iringa. Saa nane mchana, manyunyu yakidondoka, alikwenda kusimama kando ya barabara ya Njombe. Alipoliona lori la baba yake aliingia katikati ya lami na kuinua mikono yote miwili.

Hassani alikata usukani. Lori lilimkosa mtoto kwa hatua mbili, likaserereka na kulalia ubavu mtaroni, viazi vikatapakaa kila mahali. Walimtoa dereva mguu ukiwa umevunjika sehemu mbili. Safina alikuwa bado amesimama palepale, akirudia maneno yaleyale: "Dadu ilisema kweli."

Sisi hatukosi jini wa kumsingizia. Mtaani wakasema lisemwalo lipo, majarida yachomwe yote. Mwalimu Yoramu, anayefundisha Kiingereza, alilisoma lile la sita, akalivua kaki mbele yetu na kutuonyesha ile namba.

"Hakuna jini hapa," alisema. "Waliochapa walituonya. Sisi ndio tuliofunika."

Hospitalini Hassani alimuuliza binti yake kwa upole, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini, baba?"

Hassani aligeuza uso wake ukutani, akalia. Nilikuwepo.

Sasa Rehana amerudi, na Hassani yuko nyumbani, mguu kwenye plasta. Wanacheza ule mchezo watatu, kwa yale majarida matano. Juzi nilipeleka mboga, nikamkuta Safina kwenye mkeka, amemaliza swala, mikono ameikunjua, anaomba kwa sauti ndogo. Alikuwa akimwomba Mungu mguu wa baba yake usipone haraka.

FUNZO

Mzazi mwenzangu, kabla hujampa mtoto jarida, kitabu au simu, tazama ni cha watu wa umri gani. Kama lugha huijui, muulize anayeijua. Onyo lile limeandikwa kwa ajili yako wewe mkubwa, na mtoto hawezi kukusomea. Lakini hata kama onyo lingeonekana wazi, Safina bado angebaki peke yake na vikombe vyake. Mtoto akikuambia ana neno, viazi na vingoje. Nasi majirani tunaoachiwa watoto wa wenzetu, tuingie ndani tukae nao, maana sahani ya mlangoni si malezi.