Timu Isiyokuwa na Avenue

Kila asubuhi Tata Polycarpe alipiga pasi shati lake, akaenda kazini kama mtu mwenye nyumba. Nyumba hakuwa nayo. Mgodi ulikuwa umepanuliwa, mtaa wao mjini Kolwezi ukabomolewa, watu wakafukuzwa. Yeye, mkewe Odile na binti yao Rachelle walilala chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kaka yake Odile, katika eneo la Dilala. Kazini hakumwambia mtu. Aliona haya.

Polycarpe alikuwa katibu wa mashindano ya roboti ya wanafunzi. Fomu aliiandika mwenyewe, na mwenzetu huyu alipenda fomu ndefu. Kila timu ilitakiwa kuandika avenue, yaani jina la barabara, na namba ya nyumba, tena ije na kompyuta na vipande vyake vya roboti. Timu mbili tu ziliweza.

Ikaja fomu ya Rachelle na wasichana wenzake watatu, wote wa mtaa uliobomolewa. Penye avenue palikuwa patupu. Polycarpe aliogopa wenzake wa kazini wangemuuliza binti yake anaishi wapi. Akaifuta timu.

Jioni Rachelle alimuuliza, "Papa, unajua kwenye tunalala. Juu ya nini umetufuta?"

Polycarpe aliisukuma sahani yake kando.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yao, Mama Leila, fundi wa redio aliyewafundisha wasichana wale. Mama Leila hakumbembeleza. Alimweleza kwamba timu inahitaji wanafunzi na mtu mzima wa kuwasimamia, basi. Vipande vya seti moja vinatosha timu nne zikipangiana siku. Kompyuta za shule hukaa bure Jumamosi. Na kwa timu mpya, kazi ya kwanza iwe nyepesi: roboti ifuate mstari mweusi sakafuni.

"Bale batoto beko na kichwa, beko na mikono," alisema. "Ni fomu yako njo inabafungia mulango."

Polycarpe aliandika fomu mpya, fupi. Kwenye mkutano wa kamati ya mashindano, mwalimu Séraphin alitaka kujua kwa nini avenue imeondolewa. Katibu angeweza kudanganya.

"Juu mi mwenyewe sina avenue," alisema. "Nyumba yangu balibomoa. Nilifuta mutoto wangu ili musijue."

Hakuna aliyecheka. Séraphin alisoma fomu mpya, akaikubali.

Siku ya mashindano zilikuja timu kumi na moja. Nyingine zilitumia seti moja kwa zamu, na hakuna iliyorudishwa mlangoni. Roboti ya Rachelle ilifuata mstari hadi mwisho, ikashika nafasi ya nne. Msimamizi wa mashindano akauliza timu hii inatoka wapi.

Rachelle alimtazama baba yake kwanza, kisha akashika kipaza sauti.

"Tunatoka ku mutaa yenye balibomoa. Sasa mi nalala nyuma ya nyumba ya mujomba."

Uso wa Polycarpe uliwaka moto mbele ya watu wote. Akainama, akayaandika maneno yote ya binti yake katika ripoti ya mashindano.