Kiapo cha Mheshimiwa

"Sindano, muuza silaha yuko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Mkuu wa Idara, kwenye kidude cha sikioni.

"Maegesho ya mahakama. Anawasha Prado."

"Namtaka hai."

Jasusi Sindano alifyatua bastola yake ya Glock. Tairi likapasuka, Prado ikabamiza nguzo. Muuza silaha akatoka mikono juu, akikohoa.

Ndani ya mahakama, Waziri alikuwa kizimbani kama shahidi. Aliapa, kisha bila kupepesa macho akasema: "Muuza silaha huyo simjui. Sijawahi kumwona."

Makontena ya bunduki aliyoyapitisha Waziri mwenyewe yalikuwa yanatupiwa karani wa forodha, baba wa watoto watatu. Karani akipatikana na hatia, ni kifungo cha maisha.

Damu ilimchemka Sindano alipoyasikia hayo kwenye kidude cha sikioni. Mwizi wa kuku anaozea jela, mkubwa anaidanganya mahakama mchana kweupe na bado anaitwa mheshimiwa!

Akamtia pingu muuza silaha, akazifunika kwa koti, akamsukuma hadi mlango wa mahakama. Walinzi wa Waziri walisimama pale, watu wasiompitisha hata mama yao bila kumpekua. Sindano alijiandaa kwa ngumi.

Mkubwa wao akamtabasamia muuza silaha.

"Shikamoo mzee! Pita tu. Leo bosi utamsubiri kidogo."

Akawafungulia mlango mwenyewe, akampisha mgeni kiti chake.

Mazoea yana taabu.

Jaji, aliyeyaona hayo kupitia mlango ulio wazi, alivua miwani na kumgeukia mlinzi. "Kijana, mzee huyu unamfahamu?"

"Sana, mheshimiwa jaji. Kila Ijumaa tuko naye nyumbani kwa Waziri."

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Waziri alijifuta jasho, na tai yake ikalowa.

Karani aliachiwa siku hiyohiyo. Mkewe alilia hadi akakaa chini.

Sindano alikuwa bado kwenye ngazi simu ilipoita.

"Safi sana," Mkuu alisema. "Ila Waziri hashtakiwi. Tutasema ulimi umeteleza."

"Ulimi hauna mfupa, Mkuu, lakini una mwenyewe. Ameapa!"

"Na wewe umeapa kutunza siri za Idara. Ukienda kutoa ushahidi, atakayefungwa ni wewe."

Aliyedanganya anakwenda kulala kwake, anayesema kweli anatishiwa jela.

Akakata simu. Akapita katikati ya waandishi wa habari, polepole, hadi ofisi ya mwendesha mashtaka. Akaweka Glock juu ya meza, akavuta kiti.

"Nimekuja kueleza ninayoyajua kuhusu Waziri," alisema. "Niapisheni."