Njia Iliyofagiwa Vumbini

Nyumba ikifagiwa usiku na mtu usiyemjua, usikimbilie kushukuru. Obura alishukuru. Kila jioni mafundi waliacha sebule imejaa vumbi la mawe na chokaa, na kila asubuhi walikuta njia imepita katikati ya vumbi lile, safi, upana wa ng'ombe aliyeshiba, kutoka meko ya ukutani hadi mlango wa jikoni wa kutokea uani. Na mlango wenyewe wazi, ingawa Obura ndiye aliyeufunga kwa mkono wake. Akawaambia wenzake kwamba mwenye kufagia na afagie, mradi asiguse sufuria yao ya githeri. Wakacheka, wakaendelea na kazi.

Ilikuwa nyumba ya mawe, ya mzungu wa zamani, juu kwenye vilima vya Subukia, pale ambapo ukisimama barazani mashamba ya Kabazi yote yako chini yako. Kimberly, binti wa mtaa wa Section 58 kule Nakuru, aliyerudi kutoka ng'ambo na simu mbili na maneno mengi, alikuwa anaigawa vyumba iwe makao ya wageni wa likizo. Hakutaka jiwe hata moja liguswe. Yalichongwa kwa mkono, alisema, na hayo ndiyo wageni watakayoyafuata.

Obura alikuwa fundi mkuu wa mawe. Alikuja na mkewe Nangila, mpishi wa mafundi, wakawa wanalala kwenye kibanda cha mabati uani. Mtoto wao Akoth walimwacha nyumbani, mtaa wa Kaptembwo mjini Nakuru, kwa nyanya yake. Na huyu Obura, nikuambie ukweli, hakuwa na kitu duniani alichokipenda kama yule mwanamke. Mafundi walimtania kwamba mkono uko kwenye jiwe lakini sikio liko jikoni, linangoja Nangila acheke. Hakubisha.

Kwa muda hakuna aliyeumia. Kulikuwa na harufu tu, ya nywele zilizoungua, iliyokaa mekoni mchana kutwa na kuondoka jua likizama. Lakini watu ni watu. Kipkirui, seremala, akasema hilo ni jini na yeye hakuajiriwa kufanya kazi na majini. Kimberly akaogopa mafundi wasimtoroke, akamleta Pasta Nicodemus kutoka Nakuru.

Pasta alifika asubuhi na chupa ya mafuta ya upako. Aliomba mpaka shati likalowa, akapaka kila mlango na kila dirisha, akitangaza kwamba kiovu chochote hakitapita hapo tena. Kisha akawapaka mafundi wote kwenye paji la uso, mmoja mmoja. Nangila hakuwepo, alikuwa ameteremka Kabazi kununua maharagwe. Aliporudi akaambiwa alichokosa, akasema maharagwe nayo ni baraka, akabandika sufuria.

Hapo ndipo walipokosea, wala si kwa kukosa imani. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama yule mfagiaji, saa ile ya asubuhi, alikuwa ndani au alikuwa nje.

Jioni, ng'ombe wakirudi bomani, Maxwel, fundi wa mabomba, aliingia jikoni kuchukua spana zake. Kikasikika kishindo mlangoni, kutoka ndani. Kingine dirishani. Halafu Maxwel akalia mara moja tu. Obura alipofika kizingitini alimwona jamaa yuko juu, mgongo umegusa dari, miguu inapiga hewa na hakuna anayemshika, kisha akatupwa ukutani, akainuliwa, akatupwa tena kwenye pembe ya jiko la mawe, tena na tena, mpaka alipoachwa sakafuni shingo yake ilikuwa imegeuka vile shingo ya binadamu isivyogeuka.

Nangila alikuwa nyuma na ndoo ya maji. Aliona damu, akasahau woga, akampita mumewe kabla hajamdaka leso, akapiga magoti kando ya Maxwel. Ile harufu ya nywele zilizoungua ikafumka jikoni kote, halafu ikakatika ghafla. Nangila akasimama polepole na kuutazama mlango kwa macho ambayo mumewe hakuyajua.

Akaujia mbio. Mlango ulikuwa wazi, lakini hapo kizingitini kitu kilimrudisha kwa nguvu kama aliyegonga ukuta, pua ikapasuka, akaanguka, akainuka bila kujifuta, akaja tena, na Obura alipomshika mkono akavuta kwa nguvu zake zote huku akiita jina lake, kilichokuwa ndani kikavuta kwa upande wake, bega la Nangila likalia na kutoka mahali pake, na bado mwanamke yule hakulia, alinguruma tu, akajichomoa, akarudi nyuma hadi ukutani apate nafasi ya kukimbia, akaja tena, uso kwanza.

Hivyo mpaka alfajiri, ndipo akalala. Maxwel walimtoa bila shida, marehemu. Nangila hakutoka. Kila walipombeba kukaribia mlango alikuwa mzito kama gunia la saruji, na damu ikamtoka masikioni. Pasta alipopigiwa simu alisema chupa ameiacha, wapake tena. Wakapaka tena.

Kipkirui, aibu imemkaa, ndiye aliyepanda boda boda na kumleta Cheptanui. Huyo Jumapili ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na siku nyingine huitwa kwa kunong'onezwa. Alifika jua limeshaanza kushuka. Akainusa miimo ya mlango, akauliza ni nani aliyepaka na alipaka saa ngapi.

"Hiki kilikuwa kinatoka jioni na kurudi alfajiri," akasema. "Hakikuwa na haja na nyinyi. Mmekizibia njia kikiwa kitandani. Sasa huyu mama ndiye mlango pekee ambao haujapakwa, na kinajaribu kutoka naye."

Obura akauliza kama wayafute mafuta. Kipkirui akajibu chini chini kwamba hayafutiki tena, mbao ni za mtarakwa, zimeshayanywa.

"Vunja ukuta, mahali pasipopakwa," Cheptanui akasema. "Kikiona njia kitamwacha, kitatoka peke yake. Lakini nisikize vizuri, fundi. Usimguse mkeo mpaka aanguke mwenyewe, akiwa ndani. Ukimvuta, umemtoa nacho."

Kimberly alifungua mdomo kuyatetea mawe yake, akaiona damu sakafuni, akaufunga.

Ukuta ule ulikuwa mnene, na jua halikumngoja Obura. Alikuwa hajafika katikati Nangila alipoamka, na kuanzia hapo kila nyundo iliposhuka nje kulikuwa na kishindo ndani, cha nyama na mfupa kwenye jiwe, na Obura akajua ni nini kinachogonga upande wa pili, ni kichwa kile alicholala nacho mto mmoja, akawa anapiga haraka zaidi, ngozi ya viganja imechubuka, vipande vya jiwe vinamkata uso, analia huku akihesabu hasara kwamba akichelewa atavunja ukuta akute maiti, mpaka jiwe moja likasogea, likaangukia ndani, na tundu likatokea.

Mkono ukatoka tunduni. Ulikuwa na pete yake.

"Baba Akoth," sauti ya Nangila ikasema, ile yenyewe. "Nitoe. Naumia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, najua. Lakini hebu wewe usimame pale uusikie mkono huo vidoleni mwako. Obura alisukuma mawe mengine kwa bega, akamkumbatia mkewe, akamvuta nje, wakaanguka pamoja kwenye nyasi. Nangila alikuwa anapumua, anatetemeka, anamwita jina. Harufu ilikuwa imekwisha. Mafundi wakapiga magoti kumshukuru Mungu.

Cheptanui peke yake hakusogea. Baadaye alimvuta Obura kando na kuongea naye kwa sauti ya chini. Alimwambia kitu kile hakiui kikiwa na njia. Amwachie mlango wazi usiku. Na mafuta yale yasimguse mwanamke, kamwe, asubuhi wala jioni.

Obura hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Nangila, maana mtu utamwambiaje mkeo kwamba ni wewe uliyemtoa nacho? Walirudi Kaptembwo, bega likapona, Akoth akarudi kulala kwao. Usiku Obura aliuacha mlango wazi, na majirani wakamshangaa, mtaa wenyewe ule. Kabla ya kulala alinyunyiza majivu kidogo sakafuni. Alfajiri alikuta njia safi kutoka kitandani, upande wa Nangila, hadi mlangoni, na njia nyingine ya kurudi. Alifagia majivu yaliyobaki kabla mkewe hajaamka. Alikuwa anacheka tena, huyo Nangila. Obura akajiambia kwamba kufagia si kazi ngumu.

Asubuhi moja Pasta Nicodemus akaja kutoa shukrani kwa kupona kwa Nangila, chupa mpya mkononi. Obura akasimama mlangoni, akamwomba kwa heshima asipake chochote nyumbani mle. Pasta akamtazama, akakubali, akaitia chupa mfukoni. Kisha Obura akakumbuka kwamba mgeni mkubwa kama huyu hakai kwenye kitanda, akaenda kwa jirani yake Jebet kuazima kiti.

Aliporudi na kiti, Nangila alikuwa amepiga magoti. Kidole cha pasta kilikuwa kwenye paji la uso wake, na mafuta yalikuwa yanateremka hadi kwenye nyusi.

"Siku ile nilikosa," Nangila akamwambia mumewe, kwa furaha kabisa. "Leo nimemwomba mwenyewe, na mimi nimepata."

Wakanywa chai. Pasta akaaga. Obura alimsugua mkewe paji la uso kwa sabuni, kwa maji moto, kwa mchanga, mpaka Nangila akakasirika na kumuuliza ana nini, na hata hapo hakuweza kusema. Mchana ukapita. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mabati ya Kaptembwo, harufu ya nywele zilizoungua ikaingia chumbani.

Nangila akaweka sufuria chini, akajishika kichwa.

"Kuna kitu kinagonga, Baba Akoth," akasema. "Kiko huku ndani."

Obura akainama, akatoa chini ya kitanda nyundo ile iliyovunja ukuta wa Subukia, akakitazama kichwa cha mkewe. Akamshika Akoth mkono, akampeleka kwa Jebet, na nyundo akampa yeye pia.

"Mtoto alale kwako," akamwambia. "Na hiyo nyundo usinipe. Hata nikija kukuomba nikilia, usinipe."

Kisha akarudi kwa mkewe, akauacha mlango wazi.