Tumpe Mwenzetu

Jumatano, tarehe ishirini na nne Aprili, maji ya mvua yaliingia nyumbani kwa Mzee Hija, Mtoni. Mtaro ulikuwa umeziba mwaka mzima. Ukuta wa uani ulilowa, ukamwangukia mkewe, Mwanaasha, akiwatoa kuku bandani. Alifariki hapo hapo.

Tangu siku hiyo, kila aliyepita kibarazani kwa Hija alisikia lawama.

"Viongozi wanakula, wanalala. Mtaro hawauoni."

Suleiman, mwenyekiti wa mtaa, alikuja kuhani. Alilia kweli. Kisha akasema, "Ni mapenzi ya Mungu, mzee wangu. Tuzidishe dua."

Hija aliitikia, "Amina." Msikitini waliswali safu moja.

Jirani yake, Mama Benjamin, aliwahi kuwa karani wa ofisi ya kata. Siku moja alimletea bakuli la maharage.

"Leo unamsema nani, Mzee Hija? Hata paka kakimbia."

"Serikali."

"Suleiman ulimpigia kura?"

"Nilimpigia. Na wenzangu niliwahimiza. Niliwaambia tumpe mwenzetu, anamuogopa Mungu."

"Ulimuuliza atafanya nini?"

"Mtu kaapa kwa msahafu, nimuulize nini tena?"

Mama Benjamin akaketi. "Basi tuko sawa. Sie kanisani tulimtaka Stephano kwa sababu anaimba kwaya. Kashindwa tu. Angeshinda, naye tusingemuuliza."

"Kwa hiyo dini ndiyo mbaya?" Hija alikuja juu.

"Sijasema hivyo. Dini inamfundisha kiongozi asidhulumu. Lakini hata mcha Mungu anasahau kazi. Kumkumbusha ni juu yetu. Mtaa una mkutano mkuu. Mkazi yeyote mtu mzima anaruhusiwa kuuliza. Wetu umefanyika lini?"

Hija alifikiri. Hakukumbuka.

"Mie kusoma kwangu kidogo," alisema.

"Kuuliza hakutaki cheti. Na kununa hakuzibui mtaro."

Wakaandika barua ya kuomba mkutano. Ijumaa Hija alikusanya sahihi nje ya msikiti. Jumapili Mama Benjamin alikusanya nje ya kanisa. Suleiman akaitisha mkutano mwezi Juni.

"Mvua ni ya Mungu," Suleiman alianza.

Hija alisimama.

"Mvua ni ya Mungu, nakubali. Ila chupa na mifuko iliyoziba mtaro haikushuka mbinguni. Tumeitupa wenyewe, na wewe hukusimamia usafi. Dua tutaomba. Mtaro utazibuliwa lini?"

Suleiman aliinama, kisha akataja tarehe. Walichagua kamati ya usafi, Waislamu na Wakristo. Manispaa ilileta mtambo, wakazi wakaja na majembe.

Oktoba mvua za vuli zilinyesha siku mbili. Maji yalipita mtaroni. Hija alikaa mlangoni akiyatazama. Uani kulikuwa kukavu, na hakuwa na wa kumwambia.

Novemba uchaguzi ulifika tena. Baada ya swala, Talha, mgombea mpya, alimfuata mlangoni mwa msikiti.

"Shikamoo, Mzee Hija. Mie ni mwenzenu, unanijua. Safari hii mnipe mie."

"Marahaba. Kuswali tunaswali wote, hilo nalijua. Mtaro utausafisha mara ngapi kwa mwaka?"

Talha alicheka kidogo, akaanza kutafuta viatu vyake. Hija akamshika mkono, taratibu.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Mara ngapi?"