Blauzi Iliyokataliwa na Kamera

"Dada, usigeuke."

Sauti ya kiume ilimnong'oneza katikati ya foleni ya benki, na wakili mmoja akaukumbatia mkoba wake. Mwizi, tena mchana kweupe!

"Chukua chochote," alisema.

"Sitaki kitu. Zipu ya sketi yako imeachia. Mimi ni fundi cherehani, nitasimama hapahapa nyuma yako mpaka umalize."

Akasimama kweli, na mapenzi yao yakaanzia hapo. Simu zikawa haziishi. "Umekula, mpenzi?" "Unanishonea nini leo, fundi wangu?"

Wakili alipopandishwa cheo, alitakiwa kupigwa picha rasmi ya kutundikwa mapokezi. Asubuhi hiyo alitandaza nguo kitandani: suti ya buluu, gauni jeusi, na blauzi ya mistari myembamba aliyoshonewa na fundi. Akaivaa blauzi. Wenzake watasemaje?

Mpiga picha akapiga moja, akatikisa kichwa. "Mistari hii inacheza kwenye kamera. Vaa kingine." Wakili akaazima koti la kijivu la mwenzake. Tuseme ukweli: alishusha pumzi.

Siku chache baadaye fundi alipita ofisini, akaiona picha ukutani, blauzi yake haimo. Tangu hapo simu yake ikawa inaita tu, haipokelewi. Wakili, ambaye mahakamani hamwogopi mtu, sasa hali wala halali. Nikimpoteza huyu nimekwisha, aliwaza. Akaenda kibandani kwa fundi.

"Ni kamera, mpenzi. Tazama." Akamwonyesha ile picha ya kwanza kwenye simu. Mistari ilikuwa imevurugika kama siafu waliomwagiwa maji.

Fundi akaitazama sana. "Hilo nakubali. Wenzako hawakukuuliza kaishona nani? Uliwajibu nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Bosi aliniuliza, nikasema nimenunua dukani," akajibu. "Niliogopa wangeniuliza wewe ni nani kwangu."

Fundi akainamia cherehani, mashine ikaanza kunguruma. Wakili akajua ndiyo kaagwa. Akampigia bosi wake simu na kuiweka kwenye spika.

"Samahani bosi, ile blauzi sikuinunua. Kanishonea mchumba wangu."

Mashine ikanyamaza.

"Mchumba?" fundi akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Ukinikubali."

Fundi akamtazama tu, mkono juu ya gurudumu. Wakili amesubiri hukumu nyingi maishani, lakini hakuna iliyomtisha kama ukimya ule.

"We kaka," bosi akasema simuni, "si umjibu mwenzio? Nina kikao mimi."

Fundi akaangua kicheko, machozi yakimlengalenga. Akasogea karibu na simu.

"Nimemkubali, mama. Na wewe ndiye shahidi, asije akakana tena."